Kabla ya Risasi ya Kwanza: Mwindaji wa Katanga Afundishwe, Kisha Apimwe

Mvua zikishakatika na nyasi za miombo kuanza kukauka, habari za uwindaji huanza tena kusikika Lubumbashi. Mwenye gari la kuhimili njia mbaya hutafuta mwenzake mwenye bunduki. Kijana wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Kasenga hutafuta waya. Huenda wote wawili wanatoka kwa mara ya kwanza, na wote wawili wanajiandaa kwa njia moja, yaani kwa kusaka vifaa. Hoja yangu ni kwamba maandalizi ya namna hiyo ni sehemu kubwa ya sababu iliyotufikisha mahali ambapo mbuga zetu zimenyamaza, na kwamba mtu anayetaka kumwinda mnyama mkubwa kwa mara ya kwanza katika Haut-Katanga afundishwe kwanza, kisha apimwe mbele ya watu, ndipo aruhusiwe kwenda porini na silaha. Si fikra ngeni. Wazee wa nchi hii waliifuata kwa namna yao, na mataifa ya kaskazini ya mbali yanaifuata leo kwa nguvu ya sheria. Sisi katikati tumebaki na karatasi ya kibali, na mara nyingi hata hiyo haipo.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mnyama mmoja: pofu. Katika jamii ya swala wa nchi hii hakuna anayemzidi kwa ukubwa. Dume lililokomaa laweza kupita kilo 700, na bega lake likapita mita moja na nusu. Akiangushwa sawasawa, nyama yake inakwenda nyumba nyingi. Akipigwa tumboni, atatembea siku nzima na kidonda chake hadi kufia kichakani, fisi na tai wapate ambacho watoto wamekikosa. Sasa mpe mwanagenzi bunduki, umsimamishe mbele ya kundi la pofu. Kwa kulungu, kwa kuro, kwa tandala, amezoea kwamba mwenye pembe ni dume. Pofu wote wana pembe, dume na jike, tena za jike mara nyingi ni ndefu na nyembamba zaidi, kwa hiyo ndizo zinazovutia jicho la asiyejua. Dume hutambulikana kwa shingo nene, ngozi inayoning'inia kooni na kishungi cha nywele nyeusi kwenye paji la uso. Asiyefundishwa hayo ataelekeza mtutu kwenye pembe ndefu kuliko zote, na pengine atakuwa amemuua jike mwenye mimba, ambaye huibeba kwa takriban miezi tisa na kuzaa ndama mmoja tu.

Masikio nayo yana kazi yake. Dume la pofu linapotembea, miguu yake ya mbele hutoa mlio wa kualika, unaosikika kutoka mbali wakati upepo umetulia. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mlio huo hubeba habari za mwili: kadiri dume lilivyo kubwa, ndivyo mlio unavyokuwa mzito, na madume mengine husikiliza na kujua nani wa kumpisha. Mwindaji aliyelelewa porini anaweza kujua, kabla ya kuona chochote, kwamba mbele yake kuna dume na si kundi la majike na ndama. Kisha kuna matawi. Pofu hutumia pembe kuvunja matawi ya juu ili ayafikie majani, na tawi lililovunjika humweleza mfuatiliaji kama mnyama amepita asubuhi hii au juzi: utomvu bado umelowa au umeganda, majani yananing'inia mabichi au yamejikunja. Mambo haya hayauzwi dukani. Yanapatikana kwa kukaa chini ya mtu anayeyajua, msimu baada ya msimu.

Hasara ya kuruka hatua hiyo inaonekana wazi katika mkoa wetu. Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na ya Kundelungu mwaka 1970. Kwenye uwanda wa juu wa Lusinga, ndani ya Upemba, wamebaki pundamilia wa mwisho wanaoishi porini katika Kongo nzima. Chini kwenye mabwawa ya Kamalondo yuko swala wa majini ambaye wataalamu walimpa jina lake la kisayansi, Kobus anselli, mwaka 2005 tu, na walimtambua kwa kupima mafuvu na ngozi zilizokusanywa zama za ukoloni na kuhifadhiwa katika makumbusho. Miaka ya karibuni ndege za sensa zimepita juu ya mabwawa hayo, na makadirio ni kwamba waliobaki hawafiki 100. Yaani mnyama alijulikana rasmi wakati anakaribia kwisha. Vita vina mchango mkubwa katika msiba huu, na sitaki kuupunguza: makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai katika maeneo ya Mitwaba na Upemba, askari wasiolipwa, wakimbizi waliokula walichokipata. Lakini bunduki za vita ziliponyamaza, waya haukunyamaza. Waya wa breki ya baiskeli ukifungwa kitanzi kwenye njia ya wanyama hauchagui dume wala jike, mkubwa wala mtoto, na aliyeutega akisahau alipoutega, unaendelea kuua bila mlaji. Bunduki ya pupu inayotengenezwa kwa bomba la chuma nayo hairushi kwa uhakika hata hatua chache; anayeitumia humjeruhi mnyama mara nyingi kuliko anavyomuua, na si mara haba humrudia mwenyewe usoni.

Nimesema wazee walikuwa na utaratibu wao. Simulizi la Waluba la asili ya ufalme wao, ambalo wengi wetu tulilisikia kabla hatujajua kusoma, linamweka mwindaji mahali pa juu kabisa. Mbidi Kiluwe anatoka mashariki akiwinda kwa upinde, anafika kwa mfalme Nkongolo, na kinachomtofautisha naye ni adabu kuliko nguvu: hali chakula hadharani, hacheki ovyo, anajizuia. Mwanawe Kalala Ilunga ndiye anayekuja kuuchukua ufalme. Na Nkongolo anapotaka kumuua kijana huyo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu, kisha anamwalika acheze ngoma. Kwa maoni yangu simulizi limechagua silaha hizo kwa makusudi. Mtego uliofichwa ni wa mtawala asiyejizuia, na upinde unaomlazimu mtu amtazame mnyama machoni ni wa yule anayestahili kutawala. Kwa Walunda na Wachokwe shujaa ni Chibinda Ilunga, mwana wa mfalme wa Kiluba aliyekwenda magharibi akamwoa Lueji, na sanamu zake zilizochongwa na Wachokwe leo zinatunzwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Mtaalamu Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia, kati ya mwaka 1950 na 1954, aliandika kwa kirefu juu ya vyama viwili vya wawindaji, cha upinde na cha bunduki, ambamo mtu alipanda daraja kwa daraja chini ya mwindaji mkubwa. Kumiliki silaha hakukumfanya mtu mwindaji. Chama ndicho kilichomkubali, na chama kingeweza kumkataa.

Msomaji makini atasema hapa kwamba napaka zamani rangi nzuri. Ana haki ya kuuliza. Katika karne ya 19, M'siri na watu wake walipotoka Unyamwezi na kuifanya Bunkeya kuwa mji mkuu wa ufalme wao wa Garenganze, tembo waliuawa kwa ajili ya meno yao, na pembe za ndovu ziliondoka pamoja na shaba na watumwa kuelekea pwani za mashariki na magharibi, bunduki na baruti zikirudi badala yake. Wawindaji wale walikuwa mafundi kweli kweli, na ufundi wao haukumwokoa tembo. Nakubali. Lakini tuangalie kilichobadilika. Chama cha wawindaji kilikuwa na uwezo wa kumzuia mtu kwa sababu nyama iligawanywa mahali ilipopatikana, machoni pa jirani. Mali ilipoanza kwenda mbali, kwa wanunuzi ambao hawakuujua msitu wala kuhitaji kuujua, macho ya jirani yakapoteza nguvu. Hali hiyo hiyo tunayo leo, ila mnunuzi hayuko tena ng'ambo ya bahari. Yuko hapa mjini, katika komini zetu, akinunua nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi bila kuuliza ni ya mnyama gani wala ilikufaje. Kwa hiyo sidai kwamba mafunzo peke yake yanatosha. Nadai kwamba bila mafunzo hakuna kizuizi kingine kitakachosimama, kwa sababu mtu hawezi kuchunga kanuni asiyoijua.

Tutazame wanaofanya hivyo leo. Katika misitu ya Norwe yuko mnyama anayeitwa elg, mkubwa kuliko wote katika ukoo wa kulungu wa nchi za baridi, mwenye miguu mirefu, pua nene na pembe pana zilizo bapa. Dume lake hufikia kilo 500, hivyo kwa mwili anakaribiana na pofu wetu. Wanorwe huua makumi ya maelfu ya elg kila mwaka, na bado elg hawamaliziki. Siri haiko kwenye wingi wa askari wa wanyama. Anayetaka kuwinda kwa mara ya kwanza husoma na kufanya mtihani wa mwindaji: kutambua wanyama, sheria, usalama wa silaha, namna ya kumshughulikia mnyama aliyeanguka. Kwa wanyama wakubwa, kila mwaka hupimwa shabaha: baada ya kupiga risasi 30 za mazoezi, hupiga 5 kutoka mita 100, na zote lazima ziingie katika duara la sentimita 30. Nne zikiingia na moja ikatoka, hajafaulu. Kijana wa miaka 16 anaweza kwenda kujifunza uwindaji wa wanyama wakubwa, lakini chini ya mtu mzima anayewajibika naye. Kanuni inayonigusa zaidi ni hii: anayewinda elg ni lazima awe na njia ya kumpata mbwa aliyefunzwa na kuthibitishwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa. Sheria inamtaka mwindaji apange, kabla hajaondoka nyumbani, atafanya nini akikosea. Uswidi nayo imedai mtihani wa mwindaji tangu mwaka 1985.

Kuna watakaosema kwamba Norwe ni tajiri, na kwamba mtihani kwetu utakuwa tena ule mlango wa ukoloni: mzungu mwenye kibali aliitwa mwindaji, na mwenye nchi mwenye mkuki akaitwa jangili. Hili ni pingamizi zito kuliko yote, na lina historia nyuma yake. Mkataba wa London wa mwaka 1900 juu ya wanyama wa Afrika ulitiwa saini na mataifa ya Ulaya bila Mwafrika yeyote mezani, na sheria za uwindaji zilizofuata katika Kongo ya Wabelgiji zilimkuta mwanakijiji hana bunduki ya maana wala pesa ya ada. Lakini ubaya wa mfumo ule ulikuwa kupima rangi na mfuko. Mtihani ninaoutetea unapima ujuzi, na kwa ujuzi mwanakijiji wa Kundelungu ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko mhandisi wa mgodini anayetoka Lubumbashi Ijumaa jioni. Kijana aliyefuata nyayo na baba yake tangu utotoni atafaulu kutambua dume na jike wakati mwenye bunduki ya bei ghali bado anapekua kitabu. Kwa hiyo mtihani uwe wa kusema na kutenda, kwa Kiswahili, Kibemba, Kisanga au Kiluba, porini na si darasani, na watahiniwa wa kijijini wasitozwe hata franga moja. Sheria yetu ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 tayari inatofautisha vibali vya aina mbalimbali, kikiwemo cha uwindaji wa vijijini na kile cha pamoja kwa jamii, na agizo la waziri la mwaka 2004 limeorodhesha wanyama waliolindwa kabisa na waliolindwa kwa sehemu. Msingi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kumsimamisha mwombaji na kumuuliza: huyu ni nani, yumo katika orodha ipi, na ukimpiga hapa atakufa baada ya muda gani?

Wengine, hasa wapenzi wa wanyama mjini, wanaona njia fupi zaidi: uwindaji upigwe marufuku wote. Ningependa njia hiyo iwe ya kweli. Kenya ilipiga marufuku mwaka 1977. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukitumia hesabu za miaka mingi za ndege za serikali, ulionyesha kwamba tangu mwaka huo wanyama wakubwa wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Sisemi marufuku ndiyo iliyowaua. Watu waliongezeka, mifugo ikaongezeka, uzio ukakata njia za wanyama. Ila marufuku haikuwaokoa. Tanzania nayo ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Karibu nasi zaidi, katika mabwawa ya Bangweulu upande wa Zambia, ambako tangu mwaka 2008 shirika la African Parks linasimamia eneo pamoja na jamii zinazomiliki ardhi, swala weusi wa majini wanahesabika kwa makumi ya maelfu. Huko uwindaji haukufutwa. Umewekewa idadi, na jamii zinaona faida yake. Linganisha na ndugu zao wa Kamalondo ambao hawafiki 100. Mabwawa yote mawili ni ya nchi moja ya nyasi na maji, yakitenganishwa na mpaka ambao swala hawaujui.

Linabaki swali la nani atapima, maana serikali iliyoshindwa kutengeneza barabara ya Mitwaba haitasimamia mtihani wa porini. Kweli, na ndiyo maana singependa kazi hii ikabidhiwe ofisi ya mjini peke yake. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziruhusu jamii za wenyeji kupewa misitu yao kisheria, hadi hekta 50,000 kwa jamii moja, na katika miombo ya kusini-mashariki ya Katanga kazi ya misitu ya jamii imekwisha kuanza. Msitu wa namna hiyo una mipaka inayojulikana, una kamati, una chifu, na una wazee wawili watatu ambao kila mtu anajua kwamba ndio wawindaji. Hao ndio watahini. Afisa wa mazingira awepo kuandika majina, na mtu wa ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, awepo pale msitu unapopakana na hifadhi. Mwenye kufaulu aandikwe katika daftari la jamii, na anayetoka mjini asiingie msitu huo bila kupita kwa wazee wale wale. Mtihani huo hautamzuia mwenye AK-47. Huyo ni kazi ya askari. Utamzuia yule mwingine, ambaye ni wengi zaidi, anayetega au kufyatua kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna namna nyingine.

Katika masomo ya mtihani, ningeanza na moto kabla ya bunduki. Wawindaji wetu huchoma nyasi ili wanyama wafuate majani mapya, na sheria ya kupiga marufuku moto kabisa ni vigumu kufuatwa katika miombo. Karibu na Ndola, safari ya saa chache kutoka hapa, majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1933 yalilinganisha viwanja vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, na vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi. Moto wa mapema ulipita chini na miti ya miombo ikaendelea. Moto wa mwishoni uliua miti michanga mwaka baada ya mwaka hadi msitu ukageuka nyasi na vichaka. Mwanagenzi anayejua tofauti ya moto wa Juni na moto wa Septemba amelinda chakula cha pofu kabla hajamwona pofu. Baada ya moto yafuate nyayo, kutambua dume na jike, shabaha kutoka umbali ambao silaha yake kweli inaufikia, na namna ya kumfuata aliyejeruhiwa hadi mwisho hata kama giza linaingia. Kisha mgawanyo wa nyama, maana wazee wanajua kwamba ugomvi wa paja huvunja chama haraka kuliko ukame. Msimu mmoja wa kwenda nyuma ya fundi bila silaha mkononi, mtihani mwanzoni mwa kiangazi kinachofuata, na mnyama wa kwanza awe mdogo, funo au tohe; pofu asubiri mwaka wa tatu. Kamati ya msitu ikitaka kuanza, haihitaji fedha za wafadhili: inahitaji daftari, shabaha ya ubao iliyochorwa duara, na wazee walio tayari kumwambia mtoto wa chifu kwamba hajafaulu.